YAYA ASIYE NA JINA

Andiko la leo: 2 Samweli 4:4 na Mwanzo 35:8

 

Leo sitaandika kwa ufupi. Ukiwa ndani ya gari kutoka Mwingi kwenda Nairobi, muda unao. Ukiwa nyumbani, weka chai mezani kwanza. Neno hili limenikalia kifuani majuma matatu, na limenichapa mimi kabla ya kufika kwako.

Fungua Biblia yako 2 Samweli sura ya 4, mstari wa 4. Ni mstari mmoja tu, umebanwa katikati ya habari za vita na mauaji. Wengi wetu tunauruka tukikimbilia sura ya 9, pale Mfalme Daudi anapomkaribisha Mefiboshethi mezani pake. Sura ya 9 nimeihubiri mara nyingi. Nimehubiri meza, nimehubiri neema, watu wamelia, watu wameokoka. Huu mstari wa 4 sikuwahi kuuhubiri hata siku moja.

Unasema nini? Habari imefika kwamba Sauli na Yonathani wamekufa vitani. Yonathani ameacha mtoto wa kiume wa miaka mitano. Yaya wake anamnyakua na kukimbia naye ili kumwokoa. Katika ile haraka mtoto anaanguka, na kuanzia siku hiyo miguu yake yote miwili inalemaa.

Miaka mitano. Kwa hesabu ya shule zetu, huyo ni mtoto wa PP2.

Sasa nikuulize, mpendwa: huyo yaya aliitwa nani? Tafuta. Hutapata. Jina la mtoto tunalo. Jina la baba tunalo, la babu tunalo. Hata wale wauaji wawili wa sura ileile, Baana na Rekabu, majina yao yameandikwa. Lakini mwanamke aliyemlisha yule mtoto, akamwosha, akambembeleza usiku, na siku ya hatari akambeba badala ya kukimbia peke yake, huyo hana jina. Tunamjua kwa jambo moja tu: mtoto alianguka mikononi mwake.

Leo ninataka kuzungumza juu ya msaidizi wa mwalimu wa nasari.

SODA SITA

Kanisa letu lina nasari. Vyumba ni viwili vya mabati, watoto ni arobaini na kitu, PP1 na PP2. Mwalimu ni mmoja, msaidizi ni mmoja. Mwenyekiti wa kamati ni mimi.

Muhula uliopita tulipata wageni wa huduma kutoka mbali. Ilikuwa saa nne asubuhi, saa ya uji. Nilitoka ofisini nikamkuta dada yetu msaidizi amesimama karibu na geti akihesabu watoto wakitoka darasani. Nikamwita.

"Dada, hebu kimbia dukani utuletee soda sita."

"Pasta, watoto ndio wanatoka kwa uji sasa."

"Ni dakika tano tu, Dada. Wageni wana kiu."

Akaenda. Alikwenda mbio, nilimwona.

Wakati yuko dukani, mtoto mmoja wa PP1 alipita getini. Sisi tuko karibu na barabara kuu, hii ya kutoka Thika kwenda Garissa. Mnaijua. Malori yanapita hapo usiku na mchana, na mabasi hayapunguzi mwendo kwa ajili ya mtu. Kijana wa bodaboda ndiye aliyemwona mtoto amesimama kando ya lami, kikombe cha uji mkononi. Akaacha pikipiki, akamshika mkono, akamrudisha. Mungu ni mwema. Mtoto hakuumia hata ukucha.

Lakini sikiliza yaliyofuata.

Wazazi waliitisha mkutano, na ilikuwa haki yao. Swali lilikuwa moja: msaidizi alikuwa wapi? Mtu mmoja akasema alionekana dukani. Chumba kizima kikamgeukia. Mama mmoja akasema wasichana wa siku hizi hawana moyo wa kazi. Mwingine akasema, huyo anapenda simu. Mimi nilikuwa nimeketi mbele, kwenye kiti cha mwenyekiti. Nilijua alikuwa dukani kwa sababu gani. Soda yenyewe nilikuwa nimekunywa.

Nikanyamaza.

Kamati ikaamua akatwe pesa za mwezi huo. Dada hakunitaja. Alisimama akasema, "Nisameheni, wazazi wangu," akaketi. Nikafunga mkutano kwa maombi. Ndiyo, mpendwa, mimi ndiye niliyefunga kwa maombi.

SIKU NILIYOSHIKA NAFASI YAKE

Majuma matatu yaliyopita Dada aliomba ruhusa ya siku moja ampeleke mama yake hospitali. Hakukuwa na mtu wa kushika nafasi yake. Nikajisemea, hii si kazi kubwa, ni kuimba na watoto. Nitaishika mwenyewe.

Saa moja na nusu nilikuwa getini. Watoto wakaanza kufika, kila mmoja na kijidumu chake cha maji, wengine na ukuni mmoja wa kupikia uji. Wazazi hawaachi mtoto tu na kwenda. Huyu anakuambia, Pasta, wangu alikuwa na homa usiku, mwangalie. Huyu anasema, leo asichukuliwe na mtu mwingine ila nyanya yake. Huyu anasema, hajala. Huyu hasemi kitu, lakini ukimtazama machoni unajua jana usiku nyumbani kulikuwa na vita. Baada ya nusu saa nilikuwa nimesahau nani alisema nini. Dada huyabeba yote kichwani kila asubuhi, wala haandiki popote.

Darasani mwalimu alikuwa anafundisha kuhesabu. Mwalimu wetu alitoka kaunti nyingine na Kikamba chake bado kinatambaa. Mtaala unataka mtoto mdogo aanze kufundishwa kwa lugha ya eneo lake. Basi siku zote huwa hivi: mwalimu anasema kwa Kiswahili, Dada anarudia kwa Kikamba, mtoto anapata. Siku hiyo Dada hayuko. Mtoto akainuka akamwambia mwalimu, "Ninenda manzi." Alitaka maji. Mwalimu akadhani anataka kutoka nje, akampeleka mlangoni. Mtoto akalia. Na mimi ninayejua Kikamba nilikuwa chooni na wengine watatu.

Hapo chooni niwaambie ukweli. Mtoto wa miaka minne anaogopa shimo la choo, na ana sababu ya kuogopa. Lazima mtu mzima asimame pale amshike. Mmoja wao hakuwahi kufika. Nikabaki nimesimama na sabuni na maji ya kijidumu, mimi ninayewekea wachungaji mikono, sijui nianzie wapi. Mwalimu akaniita kutoka dirishani, "Pasta, kuna mfuko wa Dada nyuma ya mlango, kaptura ziko ndani." Nikaufungua. Kaptura tano za mtumba, safi, zimekunjwa. Kamati haikuwahi kununua hata moja. Alizinunua yeye kwa pesa zake.

Nikarudi darasani nikagawa vifuniko vya soda vya kuhesabia. Mfuko mzima. Nikamwuliza mwalimu, hivi vilitoka wapi? Akasema Dada huviokota ofisini kwangu wageni wakishaondoka.

Sikusema kitu. Nikaendelea kugawa.

Saa nne uji ukaja. Kulikuwa na mtoto mmoja, yeye hunywa nusu, nusu nyingine anaimimina polepole kwenye chupa ndogo. Nikataka kumkataza, nikaona anachezea chakula. Mwalimu akaniwahi: "Mwache, Pasta. Anampelekea mdogo wake. Dada huwa anamwongeza kikombe." Mnaukumbuka ukame ule ulioanza mwisho wa 2020, mvua ikakosa msimu baada ya msimu? Ndio wakati Dada alipoanza kazi hii. Wakati huo watoto wengine walikuja nasari kwa ajili ya kikombe tu. Yeye aliwajua mmoja mmoja. Mimi niliwajua kwa idadi, kwa sababu idadi ndiyo niliyokuwa nikiisoma kwenye ripoti ya kanisa.

Ilipofika saa sita mgongo ulikuwa umekatika. Nimehubiri mikutano ya siku saba na sikuchoka hivyo.

Usiku ule ndipo nilipofika 2 Samweli 4:4 katika kusoma kwangu kwa kawaida. Nikasoma yaya alikimbia, mtoto akaanguka. Nikafunga Biblia. Roho akaniuliza swali moja: Ni nani aliyemkimbiza?

KAZI HII IMESIMAMA WAPI

Labda unasema, Pasta, hilo ni la nasari yako. Hapana, mpendwa. Tazama nchi nzima.

Wazee wanakumbuka. Baada ya uhuru, nasari nyingi za vijijini zilianzishwa kwa harambee. Hapa Ukambani akina mama wa mwethya walibeba mawe na mchanga, wakasimamisha chumba, na pale chumba kilipokosekana watoto walikaa kanisani au chini ya mti. Kisha mama mmoja akaombwa akae nao. Malipo yake yalikuwa kile wazazi walichoweza kuchanga. Tabia hiyo ilianza kwa upendo, lakini imekaa kwetu mpaka leo kama sheria: wa nasari atalipwa kitakachopatikana.

Januari 2003 elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo, nasari haikuwemo. Wazazi wengi wakaona afadhali mtoto akae nyumbani angoje darasa la kwanza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikaiweka elimu ya chekechea chini ya kaunti. Ndiyo maana mwalimu wa shule ya msingi ya umma ameajiriwa na TSC, na mwenzake wa PP1, hata kama wako uwanja mmoja, ni wa kaunti. Mwaka 2019 mtaala mpya ukaja na mambo mazuri: mtoto ajifunze kwa mchezo, kwa mikono, kwa lugha yake. Amina kwa hilo. Lakini kujifunza kwa mchezo kunahitaji mikono mingi kuliko kujifunza kwa kukariri. Mwalimu mmoja anaweza kuwakaririsha arobaini. Hawezi peke yake kuwashika arobaini wakati wanakata karatasi, wanachezea udongo na wanakwenda choo.

Basi huyo wa pili anatoka wapi? Mara nyingi ni msichana aliyemaliza kidato cha nne, karo ya chuo haijapatikana, na mtu amemwambia, shika hii kwanza. Au ni mama mjane. Kaunti haimjui. TSC haimjui. Mwenye shule anamwita msaidizi siku ya kazi na anamwita mtu wa kujitolea siku ya mshahara. Na kwenye nasari za makanisa tumempa jina zuri zaidi: mtumishi.

TUNAVYOJITETEA

Tangu nianze kulisema jambo hili nimesikia majibu matatu. Nayafahamu vizuri kwa sababu yote yalikuwa yangu.

La kwanza: "Pasta, anamtumikia Mungu, thawabu yake iko mbinguni."

Ni kweli thawabu iko mbinguni. Lakini duka liko Mwingi. Unga haununuliwi kwa thawabu. Soma Yeremia 22:13 uone Mungu anavyomwambia ole mtu anayejenga nyumba yake huku jirani akimfanyia kazi bure. Nilipofika hapo nilitetemeka, kwa sababu mwaka huu tumejenga. Tumeweka madhabahu mpya, tumenunua spika kubwa. Na kuna mwezi mhubiri mgeni alipewa bahasha iliyozidi alichopata Dada kwa muhula mzima. Mgeni alihubiri siku mbili. Sisemi mgeni asiheshimiwe. Ninasema tulikuwa nazo.

Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa una sauti, unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Tumekesha usiku tukiomba Mungu asikie maombi yetu, huku kwenye daftari letu la nasari kuna kitu kingine kinampigia kelele kwa nguvu zaidi.

La pili: "Pesa hakuna. Mvua imekosa, wazazi hawalipi."

Hili ninalipa uzito, kwa sababu sisi si watu wa Nairobi. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ikikataa, ndengu zinakauka shambani na karo ya nasari inakauka pamoja nazo. Mzazi hakatai kulipa, hana. Lakini angalieni jambo hili. Pesa zikiwa chache, huwa tunazigawa kwa mpango gani? Mwenye kuuza kuni akilipwa mwisho, hatuletewi kuni. Stima isipolipwa, inakatwa. Ni msaidizi peke yake ambaye hata usipomlipa, kesho asubuhi utamkuta getini, kwa sababu anawapenda watoto. Kwa hiyo tumejifunza kumlipa mwisho. Tunautumia upendo wake kama mkopo usio na riba. Huo si umaskini wetu tena, ni hila.

Kama kidogo kipo, kigawe kwa haki. Mwambie mapema ni kiasi gani, tarehe ngapi, na kisipopatikana mwambie uso kwa uso kabla ya tarehe. Walawi 19:13 hairuhusu ujira wa kibarua ulale kwako hata usiku mmoja. Sisi tumeulaza muhula.

La tatu: "Hana cheti. Ni msaidizi tu."

Musa alipochoka mlimani, Haruni na Huri walimshika mikono mpaka jua likatua. Soma Kutoka 17:12. Hawakushika fimbo. Hawakupigana bondeni. Walikuwa wasaidizi tu. Lakini kila mikono ile ilipoteremka, Israeli ilishindwa. Wakamba tunasema kyaa kimwe kiyuaa ndaa, kidole kimoja hakivunji chawa. Kama hana cheti, msaidie akipate. Hilo la cheti ni hoja ya kumsomesha, haiwezi kuwa hoja ya kumnyima.

Na kwa wenye shule, Wakristo wenzangu, sheria pia ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ikifikia miezi mitatu, mkataba uandikwe. Inampa mfanyakazi siku 21 za likizo kwa mwaka kwa malipo kamili, na mama aliyejifungua miezi mitatu. Haikusema isipokuwa kwenye shule za makanisa. Nimeisoma nikaona haya kwamba serikali ya Kaisari ilimhurumia dada yetu kuliko mzee wa kanisa.

NILICHOFANYA, NA KISICHOREKEBIKA

Jumapili iliyofuata sikuhubiri. Nilisimama mbele ya kanisa, na wazazi wa nasari tulikuwa tumewaalika. Nikasema: siku ile mtoto alipotoka getini, msaidizi hakuwepo kwa sababu mimi nilimtuma. Alinikumbusha watoto, nikampuuza. Mkutanoni nilijua, nikanyamaza. Kisha nikamwita Dada kwa majina yake yote mawili, jina la ubatizo na jina la baba yake, nikamwomba msamaha mbele ya wote. Hapa sitayaandika majina hayo kwa sababu hakunipa ruhusa kuyaweka kwenye mtandao. Lakini siku ile kanisa liliyasikia.

Pesa alizokatwa nimerudisha kutoka mfukoni mwangu. Kamati imekubaliana mambo manne. Mshahara wake umeandikwa kwenye karatasi yenye sahihi, na unalipwa tarehe tano kabla ya gharama nyingine yoyote ya nasari. Wazazi wawili kila juma wanakuja kwa zamu kusimama getini saa ya uji, kama mwethya wa zamani. Sadaka moja kila mwezi inakwenda kwa masomo yake ya ualimu wa chekechea. Na hakuna mtu, awe mchungaji, awe mzee, hata askofu akitutembelea, atakayemtuma msaidizi popote saa za watoto. Soda tutaenda kununua wenyewe.

Nisijisifu. Kile tunachomlipa bado hakijafika kiwango cha chini kinachowekwa na serikali. Tumeandika kwenye kumbukumbu za kamati kwamba tunadaiwa, ili asiwepo wa kusema hatukujua.

Na kuna kisichorekebika. Baada ya ibada nilimfuata Dada nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema, "Pasta, nimekusamehe. Za pesa nilishasahau. Ila siku ile ya mkutano nilikuwa nakutazama wewe."

Nimeshindwa kulihubiri neno hilo. Ninaishi nalo.

Yule mzazi wa mtoto aliyepatikana barabarani alikuwa ameshamhamisha. Nilikwenda nyumbani kwake nikamweleza ukweli. Alinisikiliza kwa heshima, akanipa chai. Mtoto hajarudi. Ana haki.

MWALONI WA KILIO

Sasa twende Mwanzo 35:8, nimalizie hapo.

Kuna yaya mwingine. Rebeka alipoondoka kwao kwenda kuolewa na Isaka, aliondoka na mlezi wake. Iko Mwanzo 24:59. Hapo hana jina, ni mlezi tu. Sura zinapita. Rebeka anazaa, wana wanakua, Yakobo anakimbia, anarudi na wake na watoto. Mlezi hatajwi. Ghafla, sura ya 35, msafara umefika Betheli, mlezi wa Rebeka anafariki. Na hapo ndipo tunaambiwa aliitwa Debora. Walimzika chini ya mwaloni, na mti ule wakauita mwaloni wa kilio, Alon-bakuthi.

Nilimshukuru Mungu kwa Debora. Familia ya Yakobo, pamoja na matatizo yake yote, ilijua kumlilia mlezi.

Lakini nikaona jambo jingine. Jina lake limeandikwa siku ya mazishi.

Na sisi ndivyo tulivyo, wapendwa. Sisi ni hodari wa mazishi. Mtu akifa, kamati inaundwa jioni ileile, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, M-Pesa zinaingia, hema, viti, spika, mheshimiwa anakuja, historia ya marehemu inasomwa kwa majina yake matatu. Tutasema alikuwa mama wa wengi, amewalea watoto wetu. Pesa tutakazochanga siku tatu zingeweza kumlipa mwaka mzima. Nani alituambia tungoje mwaloni?

Juzi nilimpigia mama yangu simu nikamwuliza: yule mama aliyekuwa akitushika mikono nasari, aliyetupikia uji, aliitwa nani? Mama akanyamaza kidogo, akacheka. "Tulimwita tu Wa Uji." Akasema atauliza majirani. Mpaka ninapoandika haya hajapata jibu. Mwanamke aliyenishika kidole siku yangu ya kwanza ya shule amekwenda na jina lake, na mimi ndiye ninayesimama kila Jumapili kutaja majina ya wafadhili.

Wewe mzazi: kesho asubuhi ukimwacha mtoto getini, msalimie msaidizi kwa jina. Hulijui? Muulize. Na karo ukiwa unayo, usiishikilie, kwa sababu kabla ya kufika kwa mwenye shule imepita mikononi mwake.

Wewe mchungaji mwenzangu mwenye nasari: fungua daftari usiku wa leo kabla ya kuomba. Angalia nani hajalipwa.

Wewe MCA na wewe wa ofisi ya kaunti: mnapohesabu madarasa mliyojenga, hesabuni na mikono iliyomo ndani yake.

Na wewe dada, wewe mama, wewe kijana, maana hata vijana wa kiume wapo katika kazi hii, wewe uliye Kyuso, Nguni, Migwani, Tseikuru, uliyesoma mpaka hapa kwa simu ya skrini iliyopasuka. Siku ukiambiwa mtoto ameanguka na huna wa kukusemea, jua kwamba yupo aliyeona nani alikukimbiza. Lakini pia dai haki yako. Kudai ujira si kukosa imani. Uombe uandikwe.

TUOMBE

Baba, katika jina la Yesu. Wewe uliyewakumbatia watoto wakati wanafunzi wako walikuwa wanawafukuza, tusamehe. Tumewaita wadogo wale ambao wewe uliwaita wako. Tumekula jasho la mlezi tukakushukuru kwa chakula. Utupe ujasiri wa kusema ukweli mkutanoni, si nyumbani baadaye. Walinde watoto wa Mwingi leo njiani, chooni na barabarani. Uitie nguvu mikono inayowashika. Utupe mvua kwa wakati wake, na ikija, tukumbuke tuliyemwahidi. Amina.

Mpendwa, kama unakumbuka jina la aliyekushika mkono nasari, andika hapa chini. Kama yu hai, mpigie simu leo. Usingoje mwaloni.

Mbarikiwe.